Selma, Pacha Wake, na Wateja Wangu wa Mpanda

Jumatatu, 4 Agosti

Siku kubwa! Bosi wa kanda, Bwana Salvator, amenipigia simu kutoka Sumbawanga. Amenipigia mimi mwenyewe, si kuandika kwenye kundi la mawakala. Hilo peke yake linaonyesha kwamba kampuni ya Upeo inajua nani ni nani katika biashara ya madishi hapa Mpanda.

Habari yenyewe haikuwa tamu sana. Amesema tangu Mei nimeongeza wateja kumi na mmoja. Bartolomeo, wakala wa Majimoto, ameongeza sitini na wanne. Nikamweleza kwamba Majimoto wamevuna mpunga, wana furaha, sasa hivi hata ukiwauzia mwavuli wa kiangazi watanunua. Hakucheka. Amesema atafika Jumamosi ya wiki ijayo na orodha ya wateja hai. Hai, yaani amelipia na anatazama. Mwenye ongezeko kubwa zaidi la wateja hai atakuwa Wakala Mkuu wa Katavi. Asiyefikisha thelathini, duka linafungwa.

Felista, mke wangu, ambaye hukaa kaunta, akauliza tutafanyaje. Nimemwambia atulie. Mimi ndiye fundi pekee katika manispaa hii anayeelekeza dishi kwa macho, bila kipimo. Watu huja kutazama. Felista akasema huja kwa sababu huwa nachukua siku nzima, wanajua watanikuta.

Nimenunua daftari hili ili historia isipotee.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango umepatikana. Mteja wa mfano! Kule Kasokola yuko Mzee Mwandu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, nyumba ya bati jipya, na sola mbili. Alipojenga choo cha tofali, kitongoji kizima kilijenga. Alipofuga bata, wakafuga bata. Nitamfungia dishi bure. Wengine watafuata wenyewe kama ndama.

Felista akasema kwanza tuwaendee wateja wa zamani. Kumi na wanne, wale kumi na mmoja wa tangu Mei wakiwemo, wanapiga simu kila siku kwamba televisheni zao ni chenga tupu, na wamekataa kulipia. Ana majina yao kwenye karatasi. Nimemwambia mgeni aliyeshafika haalikwi tena. Biashara inatazama mbele.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi Kasokola! Mzee Mwandu alinikataza nisitoboe bati lake jipya, kwa hiyo nikasimika nguzo uani, karibu na zizi. Watu kama thelathini walikusanyika. Nilifumba jicho moja, nikazungusha dishi, picha ikatokea safi kama maji ya kisima. (Ilikuwa saa tisa. Nilianza saa tatu.)

Mzee alitazama kipindi cha wafugaji wa nchi fulani. Kisha akasema ng'ombe wale ni wanene kweli, lakini hajaona mtu hata mmoja anayewachunga, huenda ni wa wizi. Akanishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja." Majirani sita wakachukua namba yangu.

Nikatuma picha kwenye kundi la mawakala. Bartolomeo akajibu kwa dole gumba. Wivu huo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mzee Mwandu kapiga simu. Kila ng'ombe wakirudi jioni, picha inapotea.

Nimeenda na kuona kwa macho yangu. Ana dume moja kubwa, jeusi, lenye nundu kama gunia. Limeipenda nguzo yangu. Linajikuna shingo pale, taratibu, limefumba macho, na dishi linazunguka kuelekea Kongo. Watu wamejaa kuliko siku ile ya kwanza. Wameiacha televisheni, wanalitazama dume. Mmoja akasema hajawahi kuona kampuni inayozimwa na ng'ombe.

Wale majirani sita wamefuta namba yangu. Mmoja alifuta mbele yangu, akanionyesha.

Nikamshauri Mzee Mwandu alihamishe dume. Akanitazama sana, akauliza kati yangu na dume ni nani alitangulia kufika pale nyumbani.

Bartolomeo ameweka picha tano. Kwenye kila moja amesimama kando ya dishi kama mbunge.

Jumamosi, 9 Agosti

Felista alipanda bodaboda asubuhi bila kuniaga, akiwa na spana na karatasi yake. Amerudi saa kumi. Amesema ameizungushia nguzo ya Mzee Mwandu matawi ya miiba, dume limesogea mara moja, likaondoka, limepata mti wake. Miiba! Jambo lenyewe dogo. Ningelifikiria Jumatatu.

Njiani kapitia wateja watatu wa zamani, kakaza nati zao. Kesho baada ya ibada ataenda kwa wengine. Nimemwacha. Mtu akipenda kujichosha, mwache.

Jumatatu, 11 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mwamkulu kuna kikundi cha akina mama wanaolima karanga. Mwenyekiti wao ni Mama Nyanzala, mwanamke mrefu ambaye akinyamaza, wote wananyamaza. Kila siku saa kumi na mbili jioni hujazana kwake kutazama tamthilia ya Kituruki ya binti anayeitwa Selma. Watu wengi, dishi moja, tena la kampuni nyingine! Nikaona shamba ambalo halijavunwa. Nikaenda mchana, nikawaambia kila mmoja anastahili dishi lake. Mama Nyanzala akauliza kama hiyo tamthilia itadumu, wasije wakafunga madishi ikaisha kesho. Nikacheka kitaalamu. Nikasema sisi watu wa Upeo tunajua kila kinachokuja.

Wakasogea. Wakauliza, sasa kwa Selma itakuwaje?

Sijawahi kuitazama. Lakini wakala hawezi kusema sijui. Nikasema Selma atakufa. Alhamisi. Ataanguka kutoka mlimani. Nikasimulia vizuri sana, na upepo nikaupiga kwa mdomo. Mama mmoja akajifunika kanga usoni akalia. Moyoni nikasema, hii ndiyo kazi.

Mama Nyanzala akasimama, akakung'uta sketi. "Kwa hiyo, baba, unataka tununue dishi tuje kumzika?"

Wakarudi shambani wote.

Kufikia saa kumi msiba ulikuwa umefika mjini. Wateja wanane, wote wanawake, wamepiga simu kusema hawatalipia tena, hawana moyo wa kuona. Felista ndiye aliyepokea. Baada ya simu ya nane akaweka kalamu chini, akaniuliza taratibu Selma ameugua lini.

Kwa hesabu ya leo, nimekua kinyumenyume.

Jumanne, 12 Agosti

Usiku umenifundisha. Leo asubuhi nimerudi Mwamkulu kabla hawajaenda shamba, nikawaambia jana hawakunisubiri nimalize. Atakayeanguka si Selma. Ni pacha wake.

Wakashusha majembe. Halafu kelele! Pacha! Mmoja akasema ndiyo maana ile siku ya uchumba nywele zilikuwa za mtu mwingine. Mwingine akasema yeye alishamshuku mama mkwe zamani sana, kwamba kuna mtoto alimficha. Nikasema sithibitishi, sikatai.

Ishirini na mmoja wamejiandikisha! Mama Nyanzala akaweka sharti: tuwafungie sasa, watalipia baada ya Alhamisi, pacha akishaonekana. Nikakubali, nikatia sahihi jina lote, Kassiani Ladislaus, na mstari chini yake.

Kwenye kundi nikaandika: "21. Siku moja." Bartolomeo hakutuma hata kidole kidogo.

Felista aliuliza jambo moja tu. Pacha yupo? Nikamweleza kwamba tamthilia ikishapita sehemu mia mbili, pacha lazima atokee. Hiyo ni sayansi.

Alhamisi, 14 Agosti

Yote ishirini na moja yamefungwa. Felista kafunga kumi na manne, mimi saba, lakini yangu yalikuwa magumu.

Kila mmoja sasa alikuwa na dishi lake, lakini jioni wote wakaja uani kwa Mama Nyanzala, maana tukio kama hilo halitazamwi peke yako. Wametandika mikeka. Mimi nikapewa kiti, mbele.

Saa kumi na mbili kamili. Selma ameamka. Amekunywa chai. Ameenda dukani kuchagua mapazia. Ameshika la bluu. Ameshika la kijani. Amerudi kwenye la bluu. Mama mkwe amesema la kijani. Sehemu nzima, mapazia! Hakuna mlima. Hata kilima hakuna.

Ilipoisha, hakuna aliyetazama televisheni. Walinitazama mimi, wote ishirini na mmoja. Nikasema labda pacha ndiye aliyeyashona.

"Baba," Mama Nyanzala akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, "wewe hii tamthilia hujawahi kuitazama."

Nikajifanya narekebisha mguu wa kiti.

Ndipo Felista akasimama kutoka nyuma, kwenye mkeka. Mikono yote grisi. Akawaamkia wakubwa kwanza, mmoja mmoja. Akasema: "Mama zangu, mume wangu hajui Selma atafanya nini. Na mimi sijui. Mimi naitazama kila siku pale kaunta kwa sababu hiyohiyo, sijui. Msiolipia nitawaondolea dishi kesho, hatutagombana. Atakayelipia, namba yangu ni hii. Siku picha ikipotea, nitakuja. Waulizeni Kasokola."

Akakaa.

Nilipata aibu, sikatai. Ilidumu kama dakika moja. Halafu nikamtazama jinsi alivyokaa, mgongo umenyooka, hainamishi macho kwa mtu, nikatamani kumgusa bega mama aliyekuwa jirani yangu nimwambie, unamwona yule, yule ni wangu.

Mama Nyanzala akasema wamesikia. Tukaondoka.

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi simu haikuita. Nimefuta vumbi kwenye kaunta mara nne. Felista kapanga spana zake kwenye boksi kwa ukubwa, tayari kwenda kuyaondoa madishi yote. Nilitaka kumwambia samahani. Nikamwambia chai imepoa.

Saa nne simu ikaita. Mama Nyanzala. Amelipia. Akataka tu kuuliza kama Felista na yeye anaona yule mama mkwe ana njama na mapazia. Wameongea robo saa.

Baada yake, wa pili. Halafu watatu mfululizo. Saa nane wote ishirini na mmoja walikuwa hai. Kisha Kasokola: Mzee Mwandu amewaambia majirani kwamba mtu aliyezungushia nguzo miiba anaelewa boma, dishi lake halina shaka. Sita wale wale wamelipia, Felista atawafungia jioni hii hii! Kisha wa zamani, kumi na wanne wa karatasi, kila aliyekaziwa nati amelipia. Na wale wanane waliofiwa wametulia, wamebaki.

Felista alikuwa anaandika kwa mkono mmoja, chapati kwenye mkono mwingine, simu begani. Arobaini na mmoja. Nimekaa kwenye kiti cha wateja nikimtazama.

Jumamosi, 16 Agosti

Bwana Salvator amefika saa tano na gari la kampuni. Bartolomeo naye alikuja kutoka Majimoto, kavaa tai. Tai! Kwenye vumbi hili!

Bosi akafungua orodha. Majimoto: wengi waliingia, wengi wakazima baada ya mwezi wa kwanza, ambao Bartolomeo aliwapa bure, kwisha. Ongezeko la hai, kumi na tisa. Mpanda: arobaini na mmoja. Akasema kukua si wanaoingia, kukua ni wanaobaki. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyelijua hilo siku nyingi.

Nikanyoosha shati. Nikasogea mbele kupokea cheti.

Bosi akasema kampuni imewapigia simu wateja, ikawauliza nani anawahudumia. Wote wametaja jina moja. Cheti kimeandikwa: Felista Kassiani, Wakala Mkuu, Mkoa wa Katavi. Akaniuliza kwa upole kama nina pingamizi. Bartolomeo alikuwa ananitazama, tayari kutabasamu.

Nikasema kwa sauti, hadi fundi viatu wa barabarani akasikia: "Huyo ni mke wangu!"

Nikapiga makofi peke yangu, kwanza. Halafu fundi viatu. Halafu bosi. Felista akakipokea kwa vidole viwili, kisichafuke. Hakulia. Ila aliniita kando akasema nisimame naye kwenye picha, na nisiweke mkono mbele ya jina.

Nimeituma kwenye kundi mwenyewe. Mara tatu, maana mtandao una matatizo.

Jumapili, 17 Agosti

Mapumziko. Wakala Mkuu amenipa cheo: msaidizi. Amenipa na sheria moja tu. Nikae kaunta, nipokee simu, nisiahidi mtu chochote. Nimekubali kwa moyo wote. Mwanaume mwenye akili anajua lini asikilize.

Na kusema kweli wiki hizi mbili zimenifundisha sana. Nimeona kosa langu lilipokuwa. Nilikuwa nauza nchi kavu!

Baada ya ibada nimekutana uwanjani na bwana mmoja anaitwa Pacifique, mvuvi wa Karema. Akanieleza jinsi wanavyoshinda ziwani kutwa nzima, mitumbwi na mitumbwi, hakuna hata mmoja wenye televisheni. Hata mmoja! Moyo ukanipiga. Nikamwambia Upeo ina dishi maalumu la mtumbwi. Hajalisikia kwa sababu ni jipya. Akauliza kwa wasiwasi, hata ziwa likichafuka?

Nikamshika bega. "Ndugu yangu, kazi ya dishi ni kushika mawimbi. Na nyie mna ziwa zima."

Ameagiza mawili. Naondoka kesho alfajiri, kabla Felista hajaamka. Nitamshangaza.