Nywele za Baba Mkwe Ndani ya Kisanduku

Mbeya,
9 Juni 1956

Kwa Ndugu Tabibu Bartholomeo, Zahanati.

...na kabla hujanifungia dirisha juzi, Ndugu Tabibu, nilikuwa sijafika hata nusu ya maneno yangu. Naendelea hapa kwa wino, kwa heshima zote.

Nilikuwa nasema kwamba mume wangu Jailos si mwongo. Tumeoana miezi mitatu tu, na kila nikimtazama anavyokunja waya wa shaba, ulimi ameutoa pembeni mwa mdomo, namshukuru Mungu aliyenitoa Iringa kwa lori la viazi hadi kwake. Kisanduku anachotengeneza Wazungu hukiita redioniki. Alikiona kwa mlowezi mmoja wa Mbozi, kimetoka Ulaya kwa bei ya ng'ombe kumi. Cha Jailos ni mbao za kasha la chai, vizungushio vitatu vya redio mbovu, na kipande cha mpira wa baiskeli. Unaweka nywele za mgonjwa ndani, unasugua mpira kwa kidole huku unazungusha. Kidole kikinata, ugonjwa umepatikana, na mawimbi ya dawa yanamfuata mgonjwa popote alipo. Shilingi kumi na tano. Wajane, kumi.

Sasa malalamiko.

1. Umewaambia watu kisanduku hakina kitu ndani. Si kweli. Kina nywele.

2. Umemcheka Mzee Saulo wa kanisani mbele za watu. Kweli aliogopa kutoa nywele zake, zisije zikaangukia mikononi mwa mchawi, akatuletea za mkia wa ng'ombe wake. Kweli pia kisanduku kilimkataza pombe. Lakini ng'ombe yule hajaonja hata tone tangu siku ile, na afya yake ni nzuri. Wewe una mgonjwa gani mtiifu hivyo?

3. Hili ndilo linaloniuma. Unajua desturi ya huku ukweni: mimi siruhusiwi kuonana na baba mkwe wala kusema naye. Akitokea njiani, naingia migombani na khanga usoni. Basi nilifurahi mno kuona mume wangu ana chombo cha kumtibu mtu bila kumwona, kana kwamba alikibuni kwa ajili ya wakamwana. Baba mkwe aliposhikwa na kifua, mama mkwe alinipa nywele za mumewe zimefungwa katika jani la mgomba. Nilisugua mpira siku tisa, uso nimeuelekeza ukutani kwa adabu. Akapona. Ndipo wewe ukasimama mbele ya wazee ukasema, “Kama kisanduku kinafanya kazi, huyu binti ni kama amekaa na mkwe wake chumba kimoja siku tisa. Kama hakifanyi, warudishieni watu shilingi zao.”

Mmoja wao, Mzee Eliezeri, akasema hajapata kusikia mwanamke kumshika mkwewe kichwani. Wazee watakaa kikao Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wakiona nimevunja mwiko nitarudishwa kwetu Iringa. Jailos hali ugali tangu siku hiyo. Hata waya haukunji vizuri.

4. Kwa hiyo naomba cheti chenye mhuri wako, kisemacho kwamba kisanduku kinatibu watu wote wa Mbeya na Iringa, hata walioko mbali kule Idodi, isipokuwa mtu mmoja. Kwa baba mkwe, siku zile tisa, kilikuwa kasha la chai tu. Si jambo la ajabu. Hata redio ya mlowezi kuna siku haikamati.

5. Wazee wakiuliza basi ni nani aliyemponya, andika ni wewe. Jailos amekubali. Heshima hiyo anakuazima mpaka Jumapili.

6. Wanaodai shilingi zao waambie cheti hicho ni cha wazee, hakiwahusu.

Nisalimie mkeo na watoto, na Dada Lusia mkunga, na mpishi wenu, na wagonjwa wote, hasa wale ambao bado hawajanunua.

Wako katika utii na katika furaha ya ndoa,
Bibi Severina Jailos

N.B. Nilikuwa nimeshaandika yote ya juu ndipo mama mkwe aliponikuta natapika nyuma ya jiko, mara ya nne wiki hii. Amesema mwanamke mwenye mimba harudishwi kwao, hata wazee wakae mwezi mzima. Basi acha cheti nilichoomba, naomba cha mimba. Kisanduku hakiwezi kunisaidia hapa, maana kimesema ni meno, na Jailos wangu amenichongea mswaki mzuri sana, sina moyo wa kumwambia kwamba kimekosea. Wewe usimwambie. Nitakuja mwenyewe anipime Dada Lusia kwa mikono yake, kabla mwezi huu haujaisha.