Njia Saba na Mdomo Mmoja wa Birika

Alhamisi, tarehe 12 Juni. Asubuhi ilikuwa na manyunyu yasiyojua kama yawe mvua au umande, na jua lilichungulia mara moja tu likaondoka, kama mtu aliyekosea nyumba.

Kwenye kibaraza cha duka la picha, benchi lilikuwa limeshajaa. Sauti ya mwanamke ilifoka kutoka kwenye simu ya Dobi, ambaye kazi yake ni kufua na kunyoosha nguo za watu, lakini kipaji chake hasa ni habari zao.

"Siku ya pete, ndugu zetu walioko mbali walitazama kwenye simu saa mbili nzima! Upande wa bwana harusi wanaonekana mpaka magego. Upande wetu giza! Tumefutwa! Mpiga picha mwenyewe ni baba wa bwana harusi, halafu niambiwe bahati mbaya? Leo saa nne nakuja dukani kwake. Nisipoziona picha zote tatu kwa macho yangu, Jumamosi waoane wenyewe. Sisi hatuji!"

"Huyo ndiye shangazi wa bibi harusi," Dobi alisema akifuta machozi ya kicheko. "Mara ya tano naisikiliza, inazidi kunoga."

"Weka tena," alisema Hakimu. Hakimu alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka thelathini. Hakuwahi kuhukumu hata kesi ya kuku, ila tangu astaafu hajapumzika kuhukumu.

Mkanda, mwenye duka, hakucheka. Jina hilo alibaki nalo tangu enzi za kanda za video. Alfajiri mwanawe, bwana harusi mwenyewe, alimpigia simu, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Baba, niambie mimi tu. Uliwazima?" Swali hilo lilikuwa bado linamuuma. Mtoto wa kumzaa mwenyewe!

"Sikuwazima," alisema. "Mungu ni shahidi yangu."

"Mungu usimsumbue kwa kesi ya waya," alisema Bi Birika, muuza kahawa, akimimina vikombe. "Kamera ngapi?"

"Tatu. Moja mbele, moja upande wetu, moja upande wao. Zote zinaingia kwenye kompyuta, kompyuta inarusha mtandaoni. Juzi mbili zikawaka, ya tatu nyeusi tii."

"Kamera imekufa," Hakimu aliamua. "Kesi imefungwa."

"Nikiichomeka peke yake inawaka."

"Basi waya. Kesi imefunguliwa tena."

"Waya nimebadilisha mara mbili, Hakimu!"

"Basi ni mshtakiwa mwenyewe," alisema Dobi, na benchi zima likatikisika.

Mkanda aliingia ndani akatoka na kamera zake tatu na kompyuta, akaiweka kompyuta juu ya stuli. Kutoka ubavuni mwake ulining'inia waya mmoja mfupi, na mwishoni mwa waya kulikuwa na kidude cheusi chenye matundu saba kwa mstari, mfano wa filimbi.

"Tatizo haliwezi kuwa nafasi," alisema, akikiinua ili wote wakione. "Hii ni Njia Saba. Ndivyo muuzaji alivyoniambia: njia saba. Mimi nina kamera tatu. Njia nne zimebaki zinapiga miayo."

Bi Birika aliweka birika chini. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na mwezi wa pili sasa, kila jioni baada ya kuosha vikombe, alikuwa akienda darasa la kompyuta. Alikaa dawati la mbele kwa sababu ya macho, na kabla ya kuwasha mashine aliinamisha kichwa akaomba. Wenzake walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili mashine zao ziligoma, wakamwomba aziombee na zao.

"Naomba niione," alisema.

"Mwanafunzi amefika!" alishangilia Dobi. "Bibi, mmeshafika ukurasa wa kamera au bado mnajifunza kushika panya?"

"Panya nimeshamshika, Dobi. Wewe mashati ya watu bado yanakushinda." Akamgeukia Mkanda. "Chomeka kama ulivyochomeka siku ya pete. Vilevile."

Mkanda akachomeka. Kamera ya upande wake, ikawaka. Ya mbele, ikawaka. Ya upande wa wakwe, nyeusi. Kwenye kioo kikatokea kisanduku kidogo chenye maandishi, naye kwa mkono uliozoea akakifunga haraka kama mtu anayeua mbu.

"Hicho nini umekifunga?" Bi Birika aliuliza.

"Ah, makelele tu. Hutokea kila siku."

"Kimeandikwa nini?"

Hakimu akakohoa. "Mshtakiwa ajibu."

"Sijawahi kusoma," Mkanda alikiri.

"Basi rudia. Na mikono yako weka mfukoni."

Kisanduku kikarudi. Bi Birika alivaa miwani, midomo ikacheza kwa muda, sijui ilikuwa dua au kusoma. Kisha akasema polepole, "Kinasema nafasi haitoshi kwa kifaa hiki. Hakisemi kimeharibika. Hakisemi kimefutwa."

"Nafasi haitoshi na njia ziko saba?" Mkanda alipandisha sauti.

"Ndugu yangu, aliyekuuzia alikuuzia neno. Hayo ni matundu saba. Njia ni huo waya mmoja unaoingia kwenye kompyuta." Aliinua birika. "Hili lina midomo mingapi?"

"Mmoja."

"Nyinyi mkija na vikombe saba, midomo inakuwa saba?"

Dobi alishika kichwa. "Jamani! Ndiyo maana kahawa yangu huchelewa kila siku!"

"Wewe huchelewa kwa sababu hulipi. Haya, picha ni nzito, zote zinajisukuma kwenye mdomo mmoja. Mbili zikishajaza, ya mwisho hukuta hakuna pa kupita. Sasa Mkanda, zichomoe zote. Anza na ya wakwe, ya kwako iwe mwisho."

Akafanya hivyo. Ya wakwe ikawaka. Ya mbele ikawaka. Ya kwake: tii.

"Umejifuta mwenyewe!" Dobi alijipiga mapaja kwa kicheko.

Ila Mkanda alikuwa akiitazama ile picha nyeusi. Kumbe kila mara alianza na upande wake. Hakuna aliyemtuma, mkono tu ulikwenda wenyewe kwa watu wake, na wakwe wakawa wa mwisho. Kompyuta haikuchagua mtu. Yeye ndiye aliyechagua, bila kujua.

"Hiyo ya mwisho," alisema Bi Birika, "itoe kwenye Njia Saba, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, tundu hili la pembeni yake."

Nyeusi.

"Kesi im..." Hakimu alianza.

"Ngoja! Mwalimu alisema matundu ya ubavu mmoja huweza kuwa yanakula sahani moja. Peleka ubavu wa pili."

Mkanda akazungusha waya nyuma ya kompyuta, akachomeka upande wa kulia. Picha ikaja, ikakatika, ikaja tena.

"Sasa punguza ukubwa wa picha zote tatu. Wanaotazama wako kwenye simu, hawahesabu kope za mtu."

Akapunguza. Picha tatu zikatulia kwenye kioo, na katika ile ya tatu alionekana mwanamke mnene mwenye mwavuli, amesimama nyuma yao, mkono kiunoni.

"Kumbe nikionekana ni mzuri hivi," alisema Shangazi.

Benchi lote likasimama. Dobi alimfutia nafasi kwa mkono wa shati la mteja.

"Karibu, mkwe," alisema Mkanda.

"Nimefika kitambo. Nasikia ni waya. Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

Hapo angeweza kusema ni waya, na kila mtu angekwenda nyumbani. Hakimu tayari alikuwa anaitikia kwa kichwa kumsaidia. Lakini Mkanda alikumbuka sauti ya mwanawe alfajiri.

"Si mwongo, mkwe. Njia ilijaa, hilo kweli. Lakini nilianza kuchomeka watu wangu, nikawaacha nyinyi mwisho. Sikukusudia, ila ni mkono wangu. Nisamehe."

Shangazi alimtazama juu mpaka chini. Akafunga mwavuli, akaketi. "Bi Birika, nipe kikombe. Na wewe mkwe, sema mbele ya hawa itakuwaje Jumamosi."

"Kwa sauti," aliongeza Hakimu. "Kumbukumbu zinachukuliwa."

Mkanda akainua Njia Saba juu kwa mkono wa kulia.

"Mbele yenu nyote naahidi: Jumamosi waya wa kwanza kuchomekwa ni wa wakwe zangu, wa mwisho ni wangu, na giza likitokea, liwe upande wangu. Na kisanduku chochote kikijitokeza, sitakigusa mpaka Bi Birika avae miwani."