Malkia Ametolewa Mahari

Jumatatu, 8 Juni 1998

Kiwanda chetu cha majani chai hapa Boito kinatafuta msimamizi wa kompyuta. Atapewa chumba chake, ufunguo wake, na hita! Kwa baridi hii, hita ni nusu ya mbingu. Tuko wawili tunaoitaka kazi: mimi, Johana, na Chepchirchir wa uhasibu, ambaye hata akipiga chafya meneja humpongeza.

Meneja wetu, Bwana Kimeli, amezipa kompyuta majina ya ng'ombe wake. Ile kubwa inayotunza kazi zetu zote ni Malkia. Yangu ni Debora. Ile kuukuu ya stoo ni Rosi. Kila moja ina namba yake. Ukiita jina, kompyuta yako hutafuta namba katika orodha iliyo ndani yake. Isipoiona ndipo humuuliza Malkia, kwa namba si kwa jina. Yangu nimeiandikia majina yote. Kuuliza-uliza ni kazi ya wajinga.

Ijumaa, 12 Juni

Chepchirchir alipotoka jioni, niliketi kwake. Nikaiandikia kompyuta yake kwamba Malkia ni namba ya Rosi. Jumatatu ataita Malkia, stoo itaitika! Atalia. Nitatokea na disketi yangu, nifute mstari mmoja, nishukuriwe.

Kesho meneja anakwenda Kedowa kupeleka mahari ya kijana wake. Vizuri. Atarudi na moyo laini.

Jumatatu, 15 Juni

Msiba! Ng'ombe aliyetolewa mahari ni Malkia. Meneja kasema hawezi kumwita kila asubuhi ng'ombe wa watu. Kabla sijafika, Chepchirchir alikuwa amebadilisha majina: kompyuta kubwa sasa ni Debora, anayeongoza kwa maziwa. Yangu imekuwa Ndama. Asante sana.

Chepchirchir akaita Debora; jina hilo halikuwa katika orodha yake, kompyuta ikauliza, akaipata mara moja. Uongo wangu ulimhusu Malkia, na Malkia haitwi tena. Nami nikaita Debora, meneja akitazama. Ikaitika! Lakini tupu, hakuna ripoti hata moja. Nikatangaza kwamba kazi zote za kiwanda zimepotea. Meneja akashika kichwa.

Chepchirchir akaja, akatazama namba, akacheka. "Wewe Johana, hii mashine yako inajiita yenyewe. Kwa list yako Debora bado ni wewe." Halafu, kwa kuwa hajui kuachia hapo, akafungua na orodha ya kwake, akauona mstari wangu wa Malkia. Meneja akauliza nani aliandika mstari ule. Nikasema pengine ni umeme.

Jumanne, 16 Juni

Chepchirchir kapewa chumba. Mimi niko stoo na Rosi, magunia na panya. Nimeumia, sifichi. Meneja kaniambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima gani? Mimi nilimchimbia Chepchirchir! Kasema pia nishukuru sijafukuzwa, nikae nitafakari.

Nimetafakari. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la ndoa. Basi dawa ni ndoa nyingine. Meneja ana kijana wa pili. Huyo akioa, Debora ataondoka, majina yatabadilika tena, na safari hii nitawahi mimi. Binti wa jirani yangu anamfaa kabisa. Mama yake nimeshampelekea sukari.

Kijana yuko kidato cha pili. Sina haraka.