Mashuka Yanayojua Kwao

Jumatatu, 4 Agosti

Msimamizi wa chumba chetu cha kufulia hapa hospitalini ameanza likizo yake ya mwisho. Harudi tena, anastaafu. Matroni amenikabidhi funguo kwa wiki mbili, kisha Ijumaa ya tarehe kumi na tano atachagua nani akae kwenye kile kiti. Mimi au shemeji.

Shemeji! Mdogo wa mke wangu! Mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza kazini miaka sita iliyopita, wakati huo hata mlango wa mashine hajui unafunguliwaje. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimpa jembe. Sasa analima shamba langu.

Nina miaka hamsini na sita na nimerukwa mara mbili. Mara ya kwanza walimpa mtu aliyejua kuendesha gari, sijui ili ayaendeshe mashuka wapi. Hii ni ya tatu na ndiyo ya mwisho, maana nafasi nyingine ikitokea na mimi nitakuwa nimeshastaafu. Nakitaka kile kiti. Sioni haya kuandika. Nakitaka mpaka nakiota.

Mke wangu anasema anayestahili apate. Nikamwuliza ni nani huyo anayestahili. Akasema chai inapoa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kazi yangu ni nguo.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimeona kitu.

Nilipeleka makoti meupe maabara. Yule mama wa maabara tunayemwita Darubini, kwa sababu jicho lake haliondoki pale, alikuwa peke yake. Nikamwuliza, basi tu, anatazama nini. Akanisogezea kigoda.

Kongosho! Kipande chembamba kuliko karatasi, kimetiwa rangi. Seli zimekaa duara kama watu waliozunguka sinia, na ndani ya kila seli, upande wa katikati, vitone vyekundu vimesongamana. Vingi, vimetulia, vinangoja. Darubini akasema kila kitone ni kifuko, na kila kifuko kimejaa protini zilizokwisha kufungashwa. Zinasubiri mtu ale ndipo ziachiliwe zikasage chakula.

Nikamwomba anianzie mwanzo. Kumbe kwenye kiini cha seli kuna maagizo, kama kitabu kizima, na kitabu hicho hakitoki humo kamwe. Hunakiliwa ukurasa mmoja tu, nakala ikatoka nje. Huko nje kuna vijimashine vinavyosoma nakala na kutunga protini kama shanga, punje baada ya punje. Na kwa protini zinazosafiri, zile punje za kwanza ni lebo! Inasema mzigo huu unaelekea wapi. Ukishaingia mlangoni lebo hukatwa, kazi yake imekwisha. Kisha protini hukunjwa, hukaguliwa, hupangwa, hutiwa kwenye vifuko, husafirishwa. Saa hii hii ninayoandika. Ndani yangu, ndani ya Matroni, hata ndani ya shemeji.

Nikamwuliza nani anasimamia.

"Hakuna anayesimamia," akasema. "Kila kimoja kinatengenezwa kikijua kwao."

Jioni nimeutazama mkono wangu mpaka mke wangu akauliza kama nimeungua na pasi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Chumba cha kufulia nitakiendesha kama seli. Matroni atapigwa na butwaa na kiti kitakuwa changu.

Nimeanza na mkunjo. Darubini alisema protini iliyokunjika vibaya hairuhusiwi kutoka. Huzuiwa, hujaribiwa tena, ikishindikana hukatwakatwa. Basi asubuhi nikatangaza kwamba shuka lisilokunjwa pembe kwa pembe linarudi mwanzo kabisa, majini. Nikakagua mwenyewe, kwa rula.

Kufika saa sita, yaliyorudi majini mia moja na arobaini. Yaliyotoka, tisa. Sikujua kwamba sisi ni wakunjaji wabaya hivyo! Akaja muuguzi wa wodi ya wazazi, uso mkali, akasema mtoto aliyezaliwa saa nne amefunikwa pazia. Nikamweleza habari za protini. Hakuwa na nafasi ya protini. Shemeji alikumbatia mashuka ishirini ambayo hayajakunjwa hata kidogo akaondoka nayo.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa na habari zote, mpaka rangi ya pazia.

Alhamisi, 7 Agosti

Niliona aibu mpaka kama saa tatu asubuhi. Kisha nikalielewa kosa langu. Nilianza katikati! Seli haianzi na mkunjo, inaanza na lebo.

Tumeshona kutwa nzima. Nimewaketisha wafanyakazi wote watano, sindano mkononi. Kitambaa chekundu ni cha chumba cha upasuaji, bluu ni wodi ya wazazi, njano ni ya watoto, kijani ni ya wazee. Mashuka mia tatu. Zile alama za zamani za wino zilizoandikwa pembeni nimeziondoa kwa dawa ya madoa, zilikuwa zimefifia na zinatia aibu. Shemeji alishona kuliko sisi sote na hakuchoma hata kidole kimoja. Mimi nimechoma vinne.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku tukufu! Naandika nikiwa nimesimama, kukaa siwezi.

Hakuna aliyeuliza shuka hili la wapi. Hakuna aliyegombana. Nyekundu zilikwenda upasuaji, njano kwa watoto, yaani kama maji yanavyojua njia. Saa mbili unusu kazi yote ilikuwa imekwisha. Nilisimama katikati ya chumba sina la kufanya, na nikajisikia mdogo, mdogo kwa namna nzuri. Kitu hiki hiki kinafanyika ndani ya kila seli ya kila mtu aliyelala wodini, hata walio hoi, na hakuna anayekipigia makofi. Machozi yalinilenga. Nilisema ni sabuni.

Kwa ajili ya ukamilifu niliwapa wauguzi wa kila wodi mkasi. Shuka likiingia mlangoni, lebo ikatwe. Ndivyo seli inavyofanya. Shemeji akaniita pembeni.

"Shemeji," akasema, "na yakirudi?"

Nikamjibu kwamba protini haiulizi maswali kama hayo. Kijicho tu, maskini. Matroni alipita mara mbili na mara ya pili alitabasamu.

Jumatatu, 11 Agosti

Yamerudi.

Mashuka mia tatu, meupe pe, hayana lebo, hayana wino, hayana ukoo. Yamefuliwa, yamekauka, yamelala juu ya meza hadi juu ya kichwa changu, na mimi nimesimama mbele yake na rula. Nilikimbia hadi kwa Darubini. Akacheka kwanza, halafu akaona uso wangu akaacha. Akasema protini aliyonionyesha ni msafiri wa kwenda tu. Inatoka kwenye seli, inafanya kazi yake huko inakokwenda, basi. Hairudi Jumatatu kufuliwa.

Hilo hakuniambia Jumanne! Wala mimi sikuuliza.

Upasuaji wakapiga simu. Mashuka yao ni mazito kidogo tu, kwa macho huwezi kuyatambua, yamefumwa yasipukutishe nyuzi kwenye kidonda, na kabla ya kutumika lazima yapite kwenye tanuri la mvuke. Ya wodini hayafai. Kuna bibi mmoja amevunjika nyonga, ameandaliwa tangu saa mbili, hajala wala hajanywa, anasubiri. Ananisubiri mimi! Nilivuta shuka moja, nikalitazama kwenye mwanga, nikalinusa, nikaliweka. Yote yalikuwa sawa. Nilitamani sakafu inimeze.

Shemeji akakunja mikono ya koti. Hakunisukuma, alinigusa tu bega nikampisha. Akaingiza mikono yote miwili kwenye lile lundo na macho kayaelekeza dirishani, hata hayatazami. Hili upasuaji. Hili watoto. Watoto. Wazee. Upasuaji. Alikuwa anayasikia kwa vidole! La watoto limelika katikati, akasema, kwa sababu mama zao hukaa hapo kutwa. La wazazi limelainika kuliko yote kwa maji ya moto. La wazee ukingo mmoja umevutika, ule wanaoushika wakitaka kuinuka. Miaka sita amekuwa akiyajua hayo na hakuna mtu aliyemwuliza.

Mashuka ya upasuaji yalikuwa tanurini kabla ya saa nne. Matroni alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. Saa saba tukasikia bibi ametoka salama.

Naandika kama nilivyohisi. Nilimtazama shemeji vile nilivyotazama kongosho. Nilitaka kuvua kofia. Baadaye nimefikiri vizuri na nimetulia. Darubini alisema ndani ya seli vitu hutambuana kwa umbo, kimoja kinashika kingine kama kiganja. Kumbe shemeji alichofanya ni kuthibitisha nadharia yangu!

Jumanne, 12 Agosti

Nimerudi maabara. Nimeuliza vile vifuko husafiri vipi, vinaelea?

Vinabebwa. Vinabebwa na protini zenye miguu miwili! Zinatembea juu ya njia nyembamba, hatua moja baada ya nyingine, mguu mmoja haunyanyuki mpaka mwingine umeshika, na mzigo kichwani ni mkubwa kuliko mbebaji mara nyingi. Mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni, akasema, una njia ndefu kiasi kwamba mzigo hutembea siku kadhaa kutoka mgongoni hadi kwenye kidole gumba. Sasa hivi kuna mtu anapita gotini kwangu na mzigo wake. Nimevua viatu nisimsumbue.

Mke wangu nilimweleza wakati wa chakula. Akaacha kula. Akauliza taratibu kama hata mama yake, aliyelala kitandani mwaka mzima kabla ya kufa, alikuwa na hayo yote yakitembea ndani yake. Nikasema ndiyo, mpaka siku ya mwisho. Alinishika mkono, jambo ambalo halijatokea tangu lile pazia.

Ijumaa, 15 Agosti

Ofisi ya Matroni, saa tatu kamili. Suti ya harusi. Inabana.

Nimezungumza dakika arobaini. Sijawahi kuzungumza vizuri hivyo maishani. Nilianza na kiini, nikaja kwenye nakala, lebo, mkunjo, vifuko, wabebaji. Nilichora ukutani kwa kidole. Matroni alisahau kunywa maji yake, na nilipofika kwenye kidole gumba aliangalia chini ya meza, akatazama kiatu chake. Nilijua nimeshampata. Nikamalizia kwa lile kubwa kuliko yote. Nikamwambia kwamba katika kazi yote hii, isiyosimama tangu mtu hajazaliwa, hakuna bosi. Hakuna msimamizi hata mmoja!

Matroni akaegemea kiti chake. Alikuwa ameguswa, niliona.

"Ni ajabu kweli," akasema. "Sasa mzee wangu, kama msimamizi hahitajiki, wewe unaomba kazi gani?"

Saa moja jioni sasa, na bado natafuta jibu.

Shemeji aliingia dakika tatu. Alisema anataka sindano, wino usiotoka na mtu wa pili mezani wa kufundishwa kutambua mashuka kwa vidole. Amepewa kiti.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimelala mpaka saa nne. Uso ukutani.

Shemeji amekuja. Nilijiandaa kwa kejeli, nikaandaa na majibu mawili. Hakunipa nafasi. Alisema yule mtu wa pili mezani ni mimi, ameshamwomba Matroni, kwa sababu nilimpa kazi siku ambayo hakuna aliyemtaka na hajasahau. Nilisema nitafikiria. Mke wangu akasema ameshafikiria. Inaniuma, siwezi kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Miaka yote ile, halafu kiti kikawa hatua mbili kutoka mkononi.

Kisha shemeji, akiwa mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini kama naye anaweza kuonyeshwa hiyo kongosho.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempeleka maabara. Aliweka jicho akasimama vile vile, mkono kifuani. Muda ukapita. Darubini akanitazama, nikamtazama Darubini, wote tunajua. Shemeji aliponyanyuka macho yalikuwa yamelowa. Akasema ni mengi, na yote yamepangwa. Tulirudi kufua tukitembea polepole kama watu wanaotoka kwenye ibada.

Mchana nimejifunza kutofautisha la wazee na la watoto. Nimekosea mawili tu kati ya kumi. Mtu angeweza kuridhika na hali hii.

Lakini jioni nimesikia kwamba mkuu wa jikoni hospitalini anaondoka mwisho wa mwezi! Nilikimbia tena maabara, Darubini anafunga mlango, nikamwuliza seli hulaje. Akasema zipo seli zisizo na mdomo wala mkono. Hukizunguka chakula chote, zikakikumbatia, mpaka kikawa ndani. Ajabu gani hii! Nilishika ukuta.

Sasa sahani za nini? Vijiko vya nini? Foleni ya nini? Wagonjwa mia mbili, na chakula kimoja katikati! Barua ya maombi nimekwisha kuiandika, kurasa nne. Kesho saa mbili naipeleka kwa Matroni, na safari hii habari ya msimamizi sitaigusa hata kidogo.