Muhuri wa Daktari wa Kompyuta

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa duka la mihuri na uchapaji, mistari miwili ya wino mwekundu: USICHOMEKE FLASHI YAKO HAPA. KOMPYUTA INAUMWA. Mtu aliyejiita Daktari alilipita, akarudi kinyumenyume hatua tatu, akausoma mstari wa pili. Wa kwanza hakuushughulikia. Njaa yake ilikuwa ya wagonjwa, na mgonjwa alikuwa kwenye mstari wa pili.

Daktari huyu alikuwa hajawahi kutibu hata mafua. Alivaa koti jeupe, akaning'iniza shingoni kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, na mfukoni alikuwa na flashi moja yenye programu moja. Kompyuta iwe ya wakili au ya kinyozi, programu ile iligundua virusi mia tatu kumi na saba, ikawaua wote mbele ya mwenye mali, ikaandika: "Pole na hongera." Kwa mwaka mmoja Daktari alikuwa ameiponya nusu ya mji maradhi isiyokuwa nayo.

Ndani, dada wa kaunta alikuwa akichonga mpira wa muhuri kwa kisu chembamba, mtoto amelala mgongoni mwake.

"Karibu, kaka. Mihuri ipo. Kuchapa utuvumilie, mashine yetu—"

"Inaumwa. Nimeisikia ikikohoa tangu barabarani." Akaegemeza kifaa chake kwenye kompyuta, akafumba macho. "Pole, dada. Humu mna majasusi. Wametulia tuli, wanachungulia kila herufi unayobonyeza, wanapeleka nenosiri lako kwa mabwana zao."

"Mwalimu wetu wa darasa la jioni la kompyuta kasema ni kirusi kinachofunga mafaili, na kinaruka kwa flashi. Ndiyo maana tukabandika—"

"Mwalimu wa jioni!" Daktari alicheka kwa huruma. "Jioni hata kuku haoni, dada yangu." Akatoa flashi.

"Daktari, usichomeke!"

"Shh! Niko kwenye upasuaji."

Akachomeka. Mia tatu kumi na saba wakafa. Pole na hongera. Dada akabofya faili la kadi za harusi ya watu. Likagoma kama mwanzo.

"Halifunguki."

"Limetoka kudungwa sindano, lifunguke vipi? Liache lipumzike." Akairudisha flashi mfukoni.

"Hiyo usiichomeke pengine popote, Daktari. Nakuambia kwa mara ya mwisho."

Lakini Daktari alishafika kwenye malipo. Hela hakutaka. Alitaka muhuri, na alieleza kwa nini: mchana ule kampuni ya malori ilikuwa inamngoja, kompyuta arobaini, mkataba wa mwaka mzima. Akiukosa, angerudi kuuza makava ya simu juani, kazi aliyoapa kuzika. Na watu wa malori hawaamini cheti kisicho na muhuri. "Niandikie: IMEPIMWA, IMEPONA."

Dada alimtazama yeye, akatazama mlango, akatazama faili lililogoma. Kisha akachukua kisu na mpira mpya.

"Nikupigie kwenye karatasi uone?" aliuliza alipomaliza.

"Naamini mikono yako, mama mtoto."

Herufi za muhuri hukaa kinyume, na Daktari hata zilizonyooka hakuwa na subira ya kuzisoma.

Mchana ule, mkurugenzi wa kampuni ya malori alikuwa mama mwenye miwani na subira ndogo. "Zetu usiziguse," alisema. "Tuoneshe kwanza kwenye yako."

Daktari akafungua kompyuta yake mpakato, akaiunganisha na projekta, akachomeka flashi kwa madaha. Ukuta mzima ukawa mwekundu.

"Mnaona! Adui kajitokeza! Sasa anakufa!"

Adui hakufa. MAFAILI YAKO YOTE YAMEFUNGWA, ukuta ukasema. Orodha ya wateja ikafungwa, vyeti vikafungwa, programu ya mia tatu kumi na saba nayo ikajifia bila pole wala hongera.

"Si una nakala mahali?" mkurugenzi aliuliza.

"Nakala za nini, mama?"

Wahasibu wawili waliokaa pembeni wakakohoa kwa pamoja. Daktari akaona makava ya simu yanamwita. Akachomoa cheti alichokichapisha asubuhi, akaushindilia muhuri juu yake, pwaa!, akakisukuma mezani kama mtu anayetoa hukumu. "Maneno ya nini? Kazi yangu imethibitishwa hii hapa."

Mkurugenzi alisogeza miwani, akasoma kwa sauti: "NILIAMBIWA NISICHOMEKE."

Chini yake, kwa herufi ndogo kama ilivyo desturi ya wachonga mihuri, palikuwa na namba ya simu ya duka. Mkurugenzi akaipiga pale pale.

"Ninyi ndio mliomwambia asichomeke?"

"Ndiyo, mama," dada alijibu, akimbembeleza mtoto aliyeamka. "Kwa mdomo, na kwa tangazo."

"Na nyie mmepoteza mafaili mangapi?"

"Hata moja. Nakala ziko kabatini, hazijaunganishwa na kitu chochote."

"Jumatatu asubuhi unaweza kuja? Zipo arobaini."

Mtoto akashika kidevu cha mama yake. "Naweza," dada akasema. "Ila nitakuja na mwanangu. Na jioni niwahi darasani."

Jioni, akijiandaa kufunga duka awahi darasani, alimwona mtu nje ya mlango, koti jeupe limekunjwa kwapani. Hakuingia. Alikuwa amesimama mbele ya tangazo, anausoma mstari wa kwanza polepole, kidole kikifuata neno kwa neno.