Landrova ya Baba Paulo Yaenda Ukweni

Kwa maelezo yake mwenyewe, Obedi alikuwa mmoja wa watu wawili duniani waliokuwa wakiijua klachi. Wa pili ni Mzungu aliyeibuni, na huyo alishakufa.

Mkewe, Odeta, aliyasikiliza maelezo hayo akiwa amesimama mlangoni kwao Isamilo, akitazama miguu miwili iliyochomoza chini ya Landrova. Sehemu nyingine yote ya mumewe ilikuwa imemezwa na gari.

"Baba Paulo, fundi Kahigwa yuko hapo chini tu."

"Kahigwa ni fundi baiskeli aliyepandishwa cheo na njaa."

Obedi alikuwa amekula chumvi nyingi katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Kazi yake ilikuwa moja: kuzunguka na kopo, akilainisha mashine. Biashara ilipoachiwa huria na kiwanda kikafungwa, wenzake walifungua vioski. Yeye alinunua Landrova kuukuu mnadani, akajiita mhandisi.

Sasa Landrova ilikuwa imekata klachi, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Jumamosi hiyo walitakiwa kuvuka ziwa, wakatoe mahari ya Modesta, mchumba wa mtoto wao Paulo. Baba yake Modesta, mzee Shimba, alikuwa ametoa sharti: mahari ifike kabla jua halijapita utosini. Likipita, yuko mnunuzi wa sangara mwenye pikapu mpya, naye anangoja jibu.

Odeta alikuwa mtu wa hofu. Aliogopa radi, mamba, kivuko na karanga zilizolala. Kwa hiyo alipoiogopa klachi, hakuna aliyemsikiliza.

Gia boksi ikashushwa juu ya gunia la pumba. Ndani hukaa flaiwili, sahani nzito ya chuma, na juu yake pleti ya klachi, ile nyembamba. Pleti ikiishika flaiwili kwa nguvu, gari huenda. Zote mbili Obedi alikuwa amenunua mpya. Alizipapasa, akasikitika.

"Kavu kabisa. Ndiyo maana zile za zamani zilikufa. Zilikufa kwa kiu."

Akaipaka flaiwili grisi kama bibi harusi anayesingwa. Grisi ilipomwishia, akaingia jikoni na kutoka na kopo la mafuta ya pamba, akaipaka pleti pande zote mbili.

"Hayo ni ya kukaangia sato," Odeta alisema.

"Kinachozunguka lazima kinywe, Mama Paulo. Pamba ya nchi hii yote imechambuliwa kwa kanuni hiyo."

"Na kama kazi yake ni kushikana?"

Obedi alimtazama kwa huruma. "Wewe endelea kuogopa mamba."

Jumamosi asubuhi waliondoka. Nyuma alikaa Paulo, tai imemkaba, pamoja na shangazi yake Obedi, bibi ambaye miguu ilikuwa imemgomea, na ambaye bila yeye ukoo ule haukuwahi kutoa mahari. Landrova iliteremka Isamilo kimyakimya.

"Unasikia?" Obedi alisema, suti imemkaa kama waziri. "Laini kama usingizi wa askofu."

Odeta aliona kwamba kwenye mteremko ule hata pipa lingekwenda. Tambarare ilipoanza, injini ilipiga kelele nyingi na gari likatambaa. Wapagazi wakalisukuma mpaka ndani ya kivuko, na abiria wakaanza kunusa.

"Nani anakaanga samaki?" mmoja aliuliza.

Shangazi akameza mate.

Ng'ambo, Kamanga, wapagazi wengine wakawapandisha barabarani. Mshenga wao, Ngosha, alikuwa akiwasubiri na ng'ombe wa mahari, maksai wawili wanene mbele.

"Tangulieni," Obedi alimwamuru. "Tutawapita kwa vumbi."

Akakanyaga mafuta. Landrova ilinguruma kama radi iliyofungiwa ndani ya debe. Ikasogea urefu wa mbuzi, ikasimama. Akakanyaga tena. Ngurumo ikaongezeka, moshi ukafuka, tairi zikabaki palepale kama zilizopandwa na mvua ya kwanza.

"Inapasha," Obedi alisema.

Odeta alitazama jua. Alimtazama Paulo, ambaye alikuwa akimwona yule mnunuzi wa sangara katika kila wingu. Akashuka.

"Ngosha, hao maksai wanajua jembe?"

"Wameota pembe wakilima, mama."

"Azima nira na mnyororo kwenye mji wa mkulima yule, uwafunge hapa mbele."

"Mama Paulo," Obedi alisema kwa sauti ya chini, "mhandisi havutwi na ng'ombe."

"Basi mhandisi ashuke. Shangazi atavutwa."

Mhandisi hakushuka. Aliwasha injini, akashika usukani na kupiga honi njia nzima, ili wenye mashamba wajue dereva ni nani. Maksai hawakumjali.

Waliingia uani kwa mzee Shimba jua likiwa utosini kabisa. Vigelegele vilianza, vikakatika njiani. Shimba aliwazunguka maksai, akawagusa mapaja, akachungulia dirishani kwa Obedi.

"Ng'ombe nimewaona," alisema. "Na mzigo wao pia nimeuona. Karibuni."

Mahari ikapokelewa. Shangazi akatamka maneno yake, Modesta akawa wa Paulo, na Odeta akashusha pumzi aliyoibeba toka Isamilo.

Nyama ikaliwa. Jua lilipolegea, Obedi aliinuka na kuinyoosha suti yake.

"Mkwe, tunashukuru. Sasa wale maksai watuvute mpaka kivukoni."

"Maksai gani?"

"Wale tuliokuja nao."

Shimba aliendelea kuchokonoa meno. "Wale ni wangu. Umenikabidhi mbele ya watu hawa wote. Mimi nimezeeka, lakini mtu anayeazima mahari aliyokwisha kuitoa sijapata kumwona."

"Wala mimi," shangazi alisema.

Obedi akamgeukia mkewe. Odeta alikuwa akimalizia mfupa.

"Basi tutarudi kwa injini," Obedi alitangaza, akapanda.

Landrova ilinguruma mpaka vibuyu vikatikisika ndani ya nyumba. Mbele ya tairi, kivulini, alikuwa amelala kuku. Alifumbua jicho moja, akaitazama, akalifumba.