Nimemkalimania Mama huko Nakonde

Jamani, leo nimepatikana. Tena nimepatikana kwa Kiingereza, kile kile ninachojidai nacho humu.

Mnanijua. Mimi ndiye mwalimu wa tuisheni wa Tunduma anayewaletea Neno la Leo. Juzi niliwaambia kwamba "muscle" asili yake ni Kilatini, maana yake panya mdogo, eti msuli ukicheza ni kama panya anapita chini ya ngozi. Mkanisifu. (Sifa zenu zimenifikisha hapa.)

Sasa mama yangu anaumwa mgongo, chini kabisa, pale pa kukalia. Hakai, halali. Nikimuuliza ananiambia ni uzee tu. Nina hofu, kwa sababu ndiye mzazi niliyebaki naye. Asubuhi nikamvusha mpaka hadi Nakonde, kwa daktari Mzambia anayesifiwa kwa mifupa. Nikamwambia mama asihangaike kuongea, mkalimani yupo.

Tumeingia. Daktari akauliza kwa Kiingereza mgonjwa anaumwa wapi. Mtu mwenye akili angeonyesha kwa kidole. Mimi nikasema, "Coccyx." Nikaona haitoshi. Nikamweleza kwamba neno hilo ni la Kigiriki, ni jina la ndege kekeo, maana kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo kimepinda kama mdomo wake. (Nilikuwa namfundisha daktari wa mifupa. Mfupa.)

Daktari akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza maumivu yalianzaje. Nikajibu, bila kumgeukia mama, kwamba ni uzee.

Wakati huo mama anasoma kibandiko cha jina kwenye koti la daktari. Jina linaanza na Si, kama majina ya wajomba zangu wote. Mnamwanga mwenzetu! Mpaka umepita katikati ya kabila moja, kila mtu hapa anajua, nami nikapita na Kiingereza changu kama mgeni.

Mama akapiga makofi taratibu, kwa heshima ya kwao, akamsalimu kwa Kinamwanga. Daktari akaacha kalamu. Wakaongea. Mama, ambaye nyumbani hunijibu kwa neno moja, akaongea mpaka akafuta machozi. Mimi nimelelewa mjini kwa Kiswahili. Kinamwanga changu kinaishia kwenye salamu.

Mwishowe nikauliza amesema nini. Ndipo daktari akanitafsiria mama yangu mzazi, kwa Kiingereza, polepole, kama anamwambia mtoto:

"Anasema aliteleza uani akakalia jiwe. Alikuita. Ulikuwa ndani unasoma maneno yako kwa sauti, hukusikia. Baadaye akaona asikusumbue."

Picha imeonyesha kifupa kina ufa. Kitapona, ila kwa muda mrefu. Njiani nilitaka kumwomba mama msamaha kwa lugha yake, nikakuta sina hata neno la kuanzia. Nikamshika mkono tu, tukavuka.

Neno la Leo halipo. Mkitaka kucheka, chekeni kimyakimya. Mama ndiyo kwanza amepata usingizi, kalala kifudifudi, na leo akiita nataka nisikie.